Mwaka Nilipojaza Sifuri

Sina subira na watu wanaosema kompyuta imekosea. Vijana ninaofanya nao kazi siku hizi wanalijua hilo, na wakiharibu kitu huja kwangu wakiwa wameshaandaa kisingizio kingine. Aliyenitia ukali huu si mwalimu wa chuo. Ni mwanamke wa Kisarawe ambaye hakuwahi kubonyeza kitufe cha kompyuta maishani mwake, na Jumanne iliyopita mpwa wake alinipigia simu kuniambia kwamba amefariki. Nilifika msibani alasiri, maziko yamekwisha, nikavua viatu nikakaa mkekani pamoja na wanawake wenzangu. Binti mmoja aliyekuwa akigawa chai akaniuliza kwa adabu marehemu tulijuana wapi. Nikamjibu, "Kazini." Akasema, "Ahaa, pole sana mama," akapita na birika lake. Jibu lile limenikaa kooni tangu siku hiyo. Tausi nilijuana naye kazini, ni kweli, na kwa mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na minne. Lakini mwaka ule nilifanya kosa ambalo nusura liwanyime mkunga wanawake wa kijiji kizima, na uzito wa kulirekebisha aliubeba yeye. Naandika hapa yale ambayo sikuweza kumwambia yule binti mbele ya watu.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga pale Maili Moja, Kibaha, nyumba ya mstaafu mmoja aliyeijenga kwa jasho kisha akashindwa kuvumilia kelele za barabara kuu. Sebuleni alikaa Daktari Mbonde, mkuu wa utafiti, nyuma ya meza iliyojaa karatasi. Kompyuta nne zilikaa jikoni, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na soketi za kuaminika. Sinki lilikuwepo bado, na kiti changu kilikuwa karibu nalo kiasi kwamba niliweza kuosha kikombe bila kunyanyuka. Bafuni kulikuwa na hodhi kubwa ya kuogea ambayo sidhani kama iliwahi kupata maji ya kuijaza. Humo ndimo tulimopanga madodoso yaliyokwisha kuingizwa kwenye kompyuta, mafungu kwa mafungu, kila kijiji na kamba yake. Saa saba mchana mama ntilie wa ng'ambo ya barabara alituletea wali na maharage ndani ya hotipoti, na Ijumaa alitupa na kipande cha samaki. Daktari alikula amesimama, sahani mkono mmoja, jedwali mkono wa pili. Mimi nilikula nikikitazama kioo cha kompyuta, na nilijivunia hilo kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, nilijua amri ambazo Daktari mwenyewe hakuzijua, na kiburi cha mtu wa namna hiyo hakihitaji kupaliliwa.

Utafiti wetu ulihusu akina mama na watoto wachanga, katika kijiji cha Janga upande wa Kibaha na vijiji vya Kibuta na Msimbu upande wa Kisarawe. Haukuwa utafiti wa kuweka kabatini. Wafadhili waliahidi kwamba ukimalizika watajenga chumba kimoja cha kujifungulia na kumlipa mkunga mmoja, katika kijiji ambacho takwimu zitaonyesha kinapoteza watoto wengi kuliko vingine. Chumba kimoja, mkunga mmoja. Kila kijiji kilikuwa na mdadisi wake, mwenyeji aliyepita nyumba kwa nyumba na dodoso, na kila Alhamisi wadadisi walileta karatasi zao Kibaha. Tausi alikuwa mdadisi wa kijiji kimoja cha upande wa Msimbu ambacho nitakiita Mtondooni, maana wenyewe wapo na hawakuniomba niwataje. Alikuwa amenizidi miaka kumi na kitu, mwembamba, si mwepesi wa kucheka, na karatasi zake alizibeba ndani ya kikapu cha ukili akizifunika kwa kanga ili zisipate vumbi. Hakuna dodoso lake hata moja lililokuja limekunjika.

Siku hizo za Alhamisi wadadisi walikaa barazani wakisubiri nauli zao, na dirisha la jikoni lilifunguka papo hapo juu ya vichwa vyao. Nilisikia kila kitu. Nakumbuka siku moja Tausi akisema, "Leo nyumba nne wameninyamazia." Mdadisi wa Janga, mama mmoja mcheshi tuliyemwita Mama Neema, akamuuliza amefanyaje. "Ningefanyaje? Nimepiga mstari. Mtu akinyamaza unamwacha na ukimya wake." Mama Neema akasema kwake yeye watu wanasema tu, jana kuna mmoja kamtajia wawili huku anapepeta mchele. "Kwenu mmejaa watu wa bara," Tausi akajibu. "Sisi kwetu watoto hawahesabiwi. Na kitoto kilichoondoka kabla ya arobaini hakisemwi mbele za watu. Unamwuliza mtu wangapi wamekufa, atakujibu nini? Anakutazama tu." Nikayasikia hayo kwa masikio yangu mawili, nikanyanyuka kurekebisha feni. Kwangu mimi yalikuwa maongezi ya barazani. Takwimu zilikuwa huku ndani, kwenye kioo.

Lililoninyamazia mimi lilikuwa swali la kumi na nne: watoto wako wangapi walifariki kabla ya kutimiza mwaka? Inabidi nieleze kidogo mambo ya kazi yetu, na nitajitahidi nisichoshe. Kanzidata, yaani lile ghala la majibu ndani ya kompyuta, huhifadhi kila safu kwa aina yake. Kuna safu za namba, za maandishi, za tarehe. Karani aliyeitengeneza ile yetu alikuwa na akili. Safu ya kumi na nne aliifanya ya maandishi, ingawa majibu mengi yalikuwa namba, ili iweze kuupokea ule mstari wa Tausi na wenzake. Lakini programu ya takwimu, ambayo ndiyo ya kupiga hesabu, haikubali kujumlisha maandishi. Mbili iliyohifadhiwa kama neno, kwake ni neno, haina tofauti na jina la mtu. Na Daktari alitaka majedwali kesho yake asubuhi ili ayapeleke kwa wafadhili.

Basi nikaibadili safu kuwa ya namba, ndani ya kanzidata yenyewe. Kompyuta ikanionya, kwa Kiingereza chake cha adabu, kwamba baadhi ya majibu yatapotea, je, niendelee? Nikabonyeza ndiyo. Mistari yote ikatoweka, vikabaki visanduku vitupu. Nikahamishia majibu kwenye programu ya takwimu, nayo ikaitupa nje kila nyumba yenye kisanduku kitupu, na majedwali yakatoka na watu wachache. Daktari hakupenda majedwali yenye watu wachache. Nikarudi kwenye kanzidata, nikaandika amri ya mstari mmoja: palipo wazi, weka sifuri. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Watu wote wakarudi, safu ikajumlishika, nikaosha kikombe changu nikajiona fundi. Kabla ya kuondoka nikahifadhi nakala juu ya ile ya zamani, kama tulivyofanya kila wiki, kwa kuwa diski za akiba tulikuwa nazo mbili tu na zote nikaziandika upya.

Majedwali yalionyesha kwamba Mtondooni, kijiji kilichokuwa mbali na hospitali kuliko vyote, ndicho kilichopoteza watoto wachache zaidi. Janga ndiyo iliyoongoza. Daktari alishangaa, lakini mshangao wa msomi una hatari yake, maana badala ya kutilia shaka alianza kutafuta sababu. "Hawa watu wana siri gani?" akasema, akizunguka sebuleni. Akadhani labda ni korosho. Nakumbuka akinituma nikamtafutie maandiko juu ya korosho na afya ya mama mjamzito, na mimi nikaenda kutafuta. Muhtasari ukapelekwa kwa wafadhili siku ile ile.

Alhamisi iliyofuata Daktari aliwaita wadadisi sebuleni awasomee matokeo. Kulikuwa na chai ya maziwa na vitumbua, akawashukuru kwa kazi, akasoma kijiji kimoja baada ya kingine. Alipofika Mtondooni Tausi akaomba arudie. Akarudia. Tausi akakirudisha kitumbua chake kwenye sahani, akanyanyuka, akaja jikoni nilikokuwa.

"Edina, mdogo wangu, hebu nionyeshe nyumba namba tisa."

Nikamtafutia, nikageuza kioo aone. Akaweka kidole karibu na safu ya kumi na nne bila kuigusa.

"Hiki kiduara ni nini?"

"Sifuri, dada. Maana yake hajafiwa na mtoto mchanga."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

"Nani kaandika? Mimi nilipiga mstari."

Hapo ndipo nilipolisema lile neno. Nikasema, "Ni kompyuta tu, dada, ndivyo inavyotaka."

"Hiyo kompyuta imefika lini Mtondooni?" Hakupaza sauti. Sebuleni watu walikuwa wakicheka jambo fulani na vikombe vikigongana. "Huyu wa namba tisa, sanda ya mtoto wake nimeikata kwa mikono yangu Ramadhani iliyopita. Amenyamaza kwa sababu inamuuma. Wewe umeandika haimuumi."

Akafunika kikapu chake na kanga akaondoka, hakusubiri nauli. Nimekosewa na watu na nimewakosea watu, lakini sijawahi kuambiwa kosa langu kwa maneno machache kiasi kile. Nilijaribu kurudisha mistari, nikakuta haiwezekani. Mama aliyesema kwa kinywa chake kwamba hajafiwa, na mama aliyemtazama Tausi akanyamaza, wote sasa walikuwa na sifuri ile ile, na hakuna amri niliyoijua ya kuwatenganisha. Diski zote mbili za akiba zilikuwa na sifuri. Asubuhi yake nikaenda kwa Daktari nikamweleza mwanzo hadi mwisho, nikijua anaweza kunifukuza. Akamaliza chai yake. Akaniuliza mkutano wa wafadhili na watu wa wilaya ni lini. Nikamwambia Alhamisi, baada ya wiki mbili. "Basi toa karatasi kwenye hodhi," akasema. Hakuwahi tena kutaja korosho.

Siku tatu nilipiga magoti kwenye sakafu ya bafuni, nikisoma dodoso moja moja na kurudisha kila mstari mahali pake. Magoti yaliniwaka. Huko Mtondooni nyumba zilizonyamaza zilikuwa zaidi ya nusu. Lakini kurudisha ukimya hakukutosha, na Daktari alinieleza bila kunificha. Ukimya hauingii kwenye wastani. Kijiji ambacho zaidi ya nusu ya majibu hayapo, wafadhili watasema takwimu hazitoshi, watakitoa kabisa, na mkunga ataenda Janga. Kwa hiyo nikafanya jambo la pili la kuona haya. Nilimfuata Tausi kwake Mtondooni, nikamkuta anamenya mihogo uani, nikamwambia, "Dada, wewe unawajua wote. Niambie kila nyumba wangapi, nijaze. Ni kwa faida yao."

"Unataka nikupe siri za watu?"

"Wakikosa mkunga je?"

"Walionishirikisha hawakunishirikisha kwa ajili ya karatasi zako." Akaendelea kumenya. Nikakaa pale kwenye kigoda, nikamwona anaosha mihogo, anaikatakata, anainjika na tui la nazi na chumvi, anapepea moto kwa kifuniko cha sufuria. Iliiva tukala kimya, kila mtu na kibakuli chake. Mpaka leo sijui kama alikuwa akifikiri muda wote ule au alikuwa akiniadhibu. Mwishowe akasema, "Nyinyi mmeuliza vibaya. Mngeuliza arobaini."

Nikamwuliza arobaini ipi. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Mwanamke akijifungua anakaa ndani siku arobaini, anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na siku hizo hakuna anayeona haya kuzitaja, kwa sababu ndizo siku alizotunzwa. "Mtoto awepo asiwepo, arobaini ni ya mama. Mwulize amekaa arobaini mara ngapi, atakujibu hata sokoni. Kisha mwambie akutajie wanawe majina. Kutaja jina si kuhesabu. Wewe usitoe hesabu mbele yake. Hesabu mkaifanye huko jikoni kwenu."

Daktari alikuna kichwa. Akauliza mapacha je, mimba zilizotoka je, na waliofariki wakiwa wakubwa? Tukakubaliana kwamba akina mama wataulizwa kama wamewahi kukaa arobaini ya mapacha, na kwamba kila jina lililotajwa, hai au la, litaandikwa. Yaliyobaki yangeelezwa chini ya jedwali kwa maandishi madogo. Hakuifurahia njia ile, lakini hakuwa na nyingine, na kwa heshima yake niseme kwamba aliitia saini kwa jina lake.

Nililala Mtondooni siku nne, katika chumba cha mbele cha nyumba ya Tausi, juu ya kitanda cha kamba kilicholia kila nilipojigeuza. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliokwisha pita na kioo kidogo chenye ufa. Asubuhi alinipa chai ya mchaichai na kiporo cha mihogo, tukatoka. Sitazisahau nyumba zile. Bibi mmoja, baada ya shikamoo na marahaba, akatuuliza, "Mnaulizia arobaini, kwani mmetuletea uji?" Tausi akamwambia, "Jibu kwanza bibi, uji baadaye," nao wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Tausi akicheka. Katika nyumba namba tisa tulimkuta mwenyewe anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Tausi akachuchumaa karibu yake, akachukua korosho mbili tatu akaanza kumsaidia.

"Mwenzangu, arobaini umekaa mara ngapi?"

"Saba," akasema bila kusimamisha mkono. "Ile ya mwisho mvua, usiulize. Mama mkwe kanikanda hapa hapa ukumbini, kuni zote zimelowa."

"Na wanao, niambie majina."

"Si unawajua? Shabani, Asha. Na Hamisi, yuko Mzenga kwa mjomba wake."

Nikaandika saba. Nikaandika Shabani, Asha, Hamisi. Mkono wangu ulitaka kuandika tofauti yake pembeni, nikauzuia, kwa sababu nilimwahidi Tausi nisihesabu mbele ya mtu. Lakini kichwa hakizuiliki, kikatoa tatu kwenye saba. Nilimwandikia mwanamke yule sifuri, kisha nikaosha kikombe.

Kibaha nikaunganisha majedwali mawili, la arobaini na la idadi ya majina. Safu zote mbili zilikuwa za namba tangu mwanzo na hapakuwa na haja ya kubadili aina yoyote. Kompyuta ikatoa moja kwenye nyingine. Mtondooni ikaipita Janga, tena kwa mbali. Daktari alizitazama namba zile kwa muda, akavua miwani, akaniambia nikapumzike. Nilidhani kazi imekwisha.

Mkutano ulifanyika Kisarawe, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na meza kuu iliyotandikwa kitambaa cha bluu. Wadadisi walikaa nyuma kabisa. Daktari akaeleza, na alipofika kwenye arobaini bwana mmoja wa upande wa wafadhili, mpole, mwenye koti, akanyoosha mkono. Alikuwa na muhtasari wetu wa kwanza mbele yake. "Wiki tatu zilizopita," akasema, "mlitwambia kijiji hiki ndicho chenye hali nzuri kuliko vyote. Leo ndicho chenye hali mbaya kuliko vyote, na kwa swali ambalo halikuwemo kwenye dodoso lililopitishwa. Samahani, Daktari, lakini tutajuaje kama namba hizi hazikupikwa ili mkunga aende mnakotaka?"

Lilikuwa swali la haki. Ningekuwa yeye ningeuliza hivyo hivyo. Nikasimama, sijui kwa nguvu gani, nikasema kosa la kwanza ni langu, ni mimi niliyejaza sifuri. Bwana yule akaniuliza bila ukali, "Sasa binti, tumwamini nani? Wewe wa kwanza au wewe wa pili?" Niliona watu wa meza kuu wakitazamana, na mmoja akageuza karatasi kuendelea na ajenda inayofuata, na nikaelewa kwamba Mtondooni inatolewa pale pale, mbele ya macho yangu.

Kiti kikaburuzwa nyuma. Tausi alikuwa amesimama. Akaomba ruhusa, akapewa.

"Mimi ni mdadisi wa Mtondooni, na ndiko ninakokaa," akasema. Alikuwa ameikunja kanga yake mikononi. "Mimi arobaini nimekaa mara nne."

Nje mtu alikuwa akikatakata kuni za kupikia chakula cha mkutano.

"Mwanangu anaitwa Zaituni."

Tukasubiri jina la pili. Hakulitaja.

"Hesabuni nyinyi wenyewe," akasema, akakaa.

Mama Neema wa Janga, ambaye kijiji chake ndicho kilichokuwa kikipoteza mkunga kwa maneno yale, akamwekea mkono mgongoni na hakuuondoa. Bwana wa koti akainamia karatasi yake muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hana swali lingine. Mkunga akapangiwa Mtondooni. Chumba kilijengwa, nimekiona, kina bati la kijani, na waliozaliwa mle sasa wana watoto wao. Janga walisubiri miaka kadhaa zaidi. Hilo nalo nimelibeba, maana wao walijibu swali kama lilivyoulizwa, na bado walikosa. Lakini linaloniuma zaidi ni Tausi. Alikataa kutoa siri ya jirani hata moja, na siku tulipokwama alitoa ya kwake, mbele ya wanaume asiowajua, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka ya kupata safu inayojumlishika. Ningeiacha ile mistari mahali pake, Daktari angeiona mapema, tungeuliza vizuri mapema, na asingekuwepo wa kututilia shaka. Nilikula kwake, nililala kwake, nikaenda naye nyumba kwa nyumba nikiuliza arobaini za watu, na sikuwahi hata kujiuliza kuhusu yeye.

Nilimfuata nje watu wakila pilau. Yeye hakuwa na sahani. Nikamwambia, "Dada, nisamehe." Akaniangalia kama mtu aliyechoka sana.

"Nyumba namba kumi na saba hatukupita," akasema. "Niliiruka makusudi. Ni kwangu. Kaandike sasa, nimeshasema."

Asubuhi yake nikaingia bafuni, nikafungua kamba ya Mtondooni, nikaitafuta kumi na saba. Tausi alikuwa amejihoji mwenyewe, kwa mwandiko wake ulionyooka: jina lake, umri wake, Zaituni. Kwenye swali la kumi na nne mstari ulikandamizwa mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nilikuwa nimeishika karatasi ile ile wiki mbili nyuma, nikiwa nimepiga magoti, nikaurudisha mstari wake kwenye kompyuta bila kusoma jina. Nikaenda jikoni, nikafungua nyumba namba kumi na saba, nikafuta mstari, nikaandika tatu. Daktari akaingia na kikombe kuchota maji, akanikuta nimelaza kichwa juu ya meza nalia kwa sauti, akakiweka kikombe chake kitupu kwenye sinki akatoka.